Mipira Miwili Upande wa Kuume

Mmeniuliza darasani, mmeniuliza uwanjani, na Suleiman akaniuliza mpaka mlangoni mwa choo: kwa nini nimerudi kutoka Nungwi nimenyamaza? Basi nakuandikieni mara moja, msome kwa zamu, mniache.

Nianze na ujinga wangu. Nilimdanganya fundi wa gari kwa mzaha, akaniamini, na mimi nikamwacha aniamini. Mengine yote yaliyofuata yamefungwa kwenye hilo kama makopo kwenye mkia wa paka.

Mtaani Ng'ambo, kabla ya kuondoka

Ami Khatibu, ndugu yake baba, mnamjua. Ndiye mwenye ile landrova kuukuu inayobeba mbata, ambayo mkiisikia hodi yake mtaa wa pili mnasema "Ame, babu yako anakohoa." Mipira yake yote minne ilikuwa vipara. Ami kahangaika mpaka akapata miwili mipya. Alivyoipata sikuelezeni, ni habari ya kusimama na kuandikwa jina, nanyi nyote mmesimama foleni ya mchele, mnajua. Siku hizi mtu akipata mipira miwili hushukuru. Mwenye kuuliza "na ile mingine?" huonekana hana adabu.

Siku hiyo hiyo ikaja habari kwamba Bibi, mama yake mama, ni mgonjwa Nungwi na anamwita mama. Baba yuko Tanga kazini, magari ya abiria ya Nungwi yamesimama kwa mvua, kwa hiyo Ami akasema atatupeleka yeye, asubuhi. Nataka mjue kwamba sikuipuuza habari. Lakini Bibi aliumwa kila masika, na kila masika alipona akatuletea papa mkavu na maneno makali. Nilidhani na safari hii ni papa na maneno.

Jioni Ami akanishusha na gari kwa Fundi Pandu. "Mwambie aifunge nyuma yote miwili," akasema. "Mimi n'nakwenda kutafuta petroli."

Nyuma. Nilisikia vizuri, wala sisingizii masikio.

Fundi Pandu ni fundi wa baskeli aliyepanda cheo. Ni mtu mcha Mungu, hafungi nati bila ya Bismillahi. Akaizunguka gari akaniuliza, "Ami yako kasemaje? Mbele au nyuma?"

"Kuume," nikasema.

"Kuume vipi?"

"Upande wa kuume. Mmoja mbele, mmoja nyuma. Kasema mtu hula kwa kuume, huvaa kwa kuume, huingia msikitini kwa mguu wa kuume. Na gari hii inakwenda kumtazama mgonjwa. Nayo itangulize kuume."

Nilingoja acheke anifukuze na spana. Hakucheka. Aliiweka spana chini akaitazama ile gari kama ndiyo kwanza anaiona.

"Maneno mazuri," akasema. "Mimi umri wote huu sijalifikiri hilo." Akasema Bismillahi, akaanza kufungua upande wa kuume.

Ningeweza kusema "Nakutania, fundi." Mdomo ulikuwa wangu. Lakini nilikuwa nshaanza kuipanga hadithi ya kukuhadithieni nyinyi, namna fundi alivyolikubali, namna Ami atakavyotoa macho, na hadithi haikutaka kukatwa katikati. Ami akarudi mvua inapiga, kajifunika gunia kichwani, akakimbilia ndani ya gari bila ya kutazama chini. Tukaenda zetu nyumbani.

Mtoni mpaka Mahonda

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mama alikaa katikati, kapakata kikapu: doti mpya ya kanga ya Bibi na kipande cha halua, maana Bibi meno hana, ila kwa halua huyatafuta.

Tulipofika Mtoni Ami akaanza kuugombeza usukani. "Una nini leo? Unanivuta kushoto."

Mkienda kaskazini kwa njia ile, kushoto ndiko iliko bahari. Nikasema, "Labda inataka kwenda kuoga, ami."

Mama hakucheka. Kwa kawaida mama hucheka hata asipotaka, hujificha ndani ya buibui akacheka kwa mabega. Siku hiyo mabega yalitulia.

Mbele kidogo gari ikavuta tena, tukamkosakosa mzee mmoja aliyejikunyata ukingoni na kikapu cha ndimu. Akatupigia kelele: "Wewe dereva! Njia yote hiyo umeiona ndogo, ukaitaka na kanzu yangu?"

Ami akasimamisha gari, akamtaka radhi, kisha akaniambia, "Shuka ukatazame upepo wa kushoto. Lazima umepungua."

Nikashuka na pampu. Mvua inanipiga mgongoni, na mbele yangu mipira miwili ya kushoto, laini kama kichwa cha mtoto wa siku saba aliyekwishanyolewa. Upepo ulikuwa tele. Nilijua tatizo si upepo. Nilipampu hata hivyo, ili ionekane nafanya kazi, na kila nilipoisukuma nilijiambia nitasema nikipanda garini. Nikapanda.

"Upepo uko sawa?" akauliza Ami.

"Sawa."

Basi. Neno moja likanitosha kuharibu mengi. Kuanzia pale Ami aliendesha polepole, mikono miwili kaikaza juu ya usukani, na kila tulipokwenda polepole mama alikuwa akiitazama njia kama mtu anayeivuta kwa macho.

Mahonda, penye chai

Mahonda Ami alitaka kupumzisha mikono. Palikuwa na banda la chai, na mwenye banda bi mmoja mnene, mkunjufu, ana mkate wa mofa wa moto na mbaazi za nazi. Mimi nilikula. Nasema kweli yote, kwa hiyo na hilo nalisema: nilikula, nikaongeza. Mama alikishika kikombe tu.

Yule bi akaona ukingo wa kanga mpya kikapuni, akasikia na harufu ya halua. Akapiga kofi la furaha. "Enhe! Harusi ya nani huko shamba? Msinifiche, nami nije kupiga vigelegele!"

Ami akainama kwenye sahani. Mama akamjibu taratibu, "Nakwenda kumtazama mama yangu, anaumwa. Lakini dua yako ya furaha nimeipokea, bibi."

Yule bi hakumaliza kuomba radhi, mara baskeli ikaegeshwa nje. Alikuwa Makame, mtoto wa Mjomba Haji, kaka yake mama. Alitoka Nungwi kuja mjini kututafuta, akaiona gari. Alikuwa kalowa mpaka kofia imemshuka masikioni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba."

Akavua kofia, akaikamua, akaivaa tena. "Shangazi, Bibi katutangulia. Alfajiri ya leo."

Mama alisema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," kwa sauti ile ile aliyoitikia salamu. Mwenye banda akakichukua kile kikombe kilichojaa mkononi mwake, akakimwaga nje, akarudi akamshika mkono. Watu wawili waliokuwa wakibishana juu ya mpira wa miguu pembeni wakainuka, wakampa Makame mkono wa pole.

"Wananisubiri?" mama akauliza.

"Baba kasema watakusubiri mpaka alasiri. Baada ya hapo hawezi, mvua haitabiriki."

"Nataka uso tu," mama akasema. "Kumkosha na kumvisha sanda najua nimechelewa. Nimwone uso."

Nanyi mnajua kwetu: wanawake hawafuati maiti makaburini. Asipomwona nyumbani kabla jeneza halijanyanyuliwa, basi hamwoni tena. Baskeli ya Makame tukaifunga juu ya gari, na kuanzia Mahonda hakuna aliyeuliza tunakwenda kufanya nini. Tulikuwa tunakwenda kuuwahi uso.

Kinyasini na bondeni

Kinyasini tukakuta maji yamepanda tangu Makame apite, njia imekatwa. Watu wakatuelekeza tupite kwa chini, kando ya bonde la mpunga, tutokee mbele.

Makame akasita. "Ami, kule udongo unashika."

"Nna mipira mipya nyuma," akasema Ami, "na nna gia ya miguu minne. Hapa ndipo pake." Akakivuta kile kijiti kidogo kinachotia nguvu miguu ya mbele na ya nyuma pamoja, akaingia bondeni kama anayeingia kwake.

Nilikuwa na nafasi ya tatu pale. Ningesema, "Ami, haiko nyuma." Lakini sikujua kwamba ina maana kwenye tope. Niapisheni kwa lolote: nilidhani mipira mipya ni mipira mipya, popote ilipo. Nilichojua ni kwamba nimedanganya, na uwongo niliuona ni wa kuchekesha tu.

Gari ikaenda, ikayumba, ikavutwa kushoto mpaka ukingo wa mpunga, ikazama. Ami akakanyaga mafuta. Injini ikalia, tope likaruka mpaka juu ya turubai, nasi hatukusogea hata shibiri moja.

"Shukeni mtazame," akasema.

Tulishuka, naye akashuka, akamwachia Makame akanyage mafuta. Ami akainama. Mipira miwili ya kushoto, wa mbele na wa nyuma, ilikuwa ikizunguka kama feni. Ile mipya ya kuume ilikuwa imetulia tuli, safi, meno yake yote yako nje, haifanyi kitu.

Ami akazunguka gari nzima, akarudi pale pale. Sura yake ilibadilika.

"Pandu," akasema. "Pandu kaniua. Tazama! Kila jozi kaitia kipara kimoja. Nguvu ya gari ni kama maji, inakimbilia kunakoteleza. Kipara kinazunguka bure, mwenziwe mzima anangoja. Angeifunga yote miwili nyuma, ingetusukuma ikatutoa. Nina miguu minne, na kila jozi ina kiwete! Nikirudi mjini huyo fundi wa baskeli nitamwonyesha!"

Hapo ndipo ubaya wangu ulipokua. Mwanzo nilimdanganya mtu. Sasa nilisimama kwenye tope nikasikiliza mtu huyo anatukanwa kwa kazi niliyomwagiza mimi.

Jeki ilitiwa, ikazama kabla haijanyanyua kitu. Wakaja wakulima wawili, mume na mke, waliokuwa wakitazama mpunga wao. Mume akaenda kutafuta ubao wa kuwekea jeki, nyumbani kwake, mbali. Mke akatuletea muhogo wa kuchoma ndani ya jani la mgomba, na chumvi na pilipili. Aliona watu wa safari, akatulisha. Hakuuliza kwanza sisi nani. Mama akamshukuru, akaupokea, akaupitisha kwangu. Safari hii sikula. Niliushika tu mpaka ukapoa.

Kisha mama akavua viatu, akakikunja kitambaa cha buibui kiunoni, akaingia kwenye tope akasukuma gari. Ami akamwambia, "Shemegi, acha, hii si kazi yako." Akajibu, "Na ya nani?" Alisukuma na mikono yake miwili juu ya bati, kichwa chini, na gari ikazidi kuzama upande wa kushoto. Sijawahi kumwona mama na tope usoni. Hakujifuta.

Adhuhuri ilikwisha kupita. Mama akaniita.

"Nenda na Makame kwa baskeli. Mwambie mjomba wako namwomba anisubiri. Mwambie uso tu. Sitamkalisha."

"Naam, mama."

"Na Ame," akasema, "usisimame njiani kuongea na watu."

Juu ya keria

Makame anaendesha, mimi nimekaa nyuma kwenye keria, miguu nimeitanua isiingie kwenye spoku. Penye tope tulishuka tukaibeba baskeli. Penye mawe ikatubeba yenyewe, kwa kisasi. Watu wa vijijini walitutazama. Walikuwa washajua. Mwanamke mmoja akatoka mlangoni akasema, "Poleni wanangu," akarudi ndani. Yeye simjui mpaka leo.

Makame alichoka. Akaniambia bila ya kugeuka, "Hebu nambie la kuchekesha, miguu imekufa. Si ndiyo kazi yako?"

Nilichokuwa nacho tayari kilikuwa kimoja, ile hadithi ya fundi. Nikaianza. "Fundi Pandu kaniuliza, mbele au nyuma…"

"Enhe?"

"Basi."

"Basi nini? Hadithi gani hiyo haina mwisho?"

Nilikuwa naliona lile gurudumu la kuume limesimama tuli kwenye tope. Makame akakanyaga pedali, akaacha kuuliza.

Nungwi

Alasiri ilikwisha kusaliwa tulipofika. Wanaume walikuwa wamekaa mikekani barazani, jeneza liko tayari mlangoni, limefunikwa. Ndani sauti za wanawake, za chini. Mjomba Haji alitokea upande wa makaburini, miguu imejaa mchanga wa maji mpaka magotini.

"Mama yako yuko wapi?"

"Bondeni, mjomba. Gari imekwama. Anakuomba umsubiri. Kasema uso tu, hatakukalisha."

"Gari ya Khatibu ya miguu minne? Imekwamaje?"

"Mipira," nikasema.

Akatazama mbinguni, kulikuwa kweusi. "Mwanangu," akasema, "kaburi linaingia maji. Tunayateka kwa ndoo tangu adhuhuri. Nimemsubiri dada yangu mpaka nimemwonea haya maiti. Mvua ile ikija, namzika mama yangu majini."

Mzee mmoja akasema taratibu, "Haji, wakati."

Mjomba akawageukia wasomaji akasema, "Isomeni tena Yasini. Polepole."

Walikuwa wameshaisoma. Wote walijua kwa nini anasema. Wakaisoma polepole kama nilivyowahi kusikia kwa mtoto anayejifunza, wakivuta kila aya, na hakuna aliyetazama msahafu. Macho yote yalikuwa njiani. Mimi nilitega sikio niisikie hodi ile ya gari tunayoicheka. Ningelipa chochote kuisikia ikikohoa. Sura ikaisha. Njia ilikuwa tupu.

"Njoo umuage bibi yako," mjomba akaniambia.

Wakanisogeza penye jeneza. Wakafunua. Naomba hapa msiniulize zaidi, maana nilichokiona nilikiona kwa macho yangu na kwa macho ya mwingine ambaye hakuwepo. Kisha wakafunika, wakafunga, wakanyanyua. Nilitia bega upande wa nyuma. Nilidhani jeneza ni zito. Bibi alikuwa mwepesi, mwepesi kiasi cha kuonekana kama tunabeba mbao zenyewe. Njia nzima watu wakisema La ilaha illa Llah, wakibadilishana mabega, hakuna aliyebaki chini ya jeneza zaidi ya hatua chache, kila mtu anataka fungu lake. Kaburini mjomba aliteka ndoo za mwisho kwa mkono wake. Nami nikatupa mchanga, mara tatu, kama walivyotupa wao.

Mvua ilishuka tunarudi. Mjomba alikuwa kasema kweli.

Gari iliingia kijijini jua likitaka kuzama, ikitembea vizuri, imenyooka, haivuti popote. Ubao wa yule mkulima ulipatikana, Ami akaihamisha mipira mipya yote miwili nyuma, ikawasukuma ikawatoa mara moja. Mama akashuka. Aliwaona wanaume barazani wamekaa, mikono imeoshwa, na jeneza tupu limeegemezwa ukutani. Mjomba akamwendea, wakashikana mikono, wakasimama hivyo. Kisha akaingia ndani kwa wanawake, nikasikia kilio kikipanda, kikashuka.

Nilimngoja uani. Alipotoka kunawa uso nikamwambia. Nilimwambia yote, spana, kuume, pampu, Pandu anatukanwa na mimi nimesimama. Sikuitia chumvi wala sukari. Nilimwambia kwamba kama si mimi angefika Yasini ya kwanza haijaanza. Maji yalikuwa yakimdondoka kidevuni na hakuyafuta. Nilingoja kofi. Nilikuwa nalitaka, kusema kweli.

Mama akakaa kwenye ngazi ya uani, akanishika mkono akanivuta chini nikakaa kando yake. Na alichosema ni hiki, sikuongeza neno, sikupunguza:

"Ya mipira utamwambia ami yako usiku huu, na Fundi Pandu utamtaka radhi kwa mdomo wako mwenyewe. Mimi nambie uso wake ulikuwaje. Usinipambie, Ame. Nambie ulivyouona."